Ng'ombe wa Nani? Mwanamke Mfugaji na Faida Isiyokaa Mkononi



Nimepewa mada ya ujasiriamali kama njia ya kumwinua kiuchumi mwanamke wa jamii za asili. Mada ni pana, na msemaji akiachiwa upana huo huishia kusema mambo ambayo hakuna wa kuyapinga. Naomba niibane. Nitamzungumzia mwanamke mfugaji, hasa Mmaasai wa upande huu wa Namanga, Tanzania, na wa upande ule, Kenya, na mara moja moja nitapanda hadi Samburu na Isiolo. Swali langu nalo ni jembamba: mama huyu amefanya biashara kwa zaidi ya miaka mia moja, sasa imekuwaje faida haikai mkononi mwake?

Kwamba amefanya biashara miaka yote hiyo, kumbukumbu zipo. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita Umaasaini mwaka 1883 na 1884, ilimbidi asimame Taveta ili watu wake wazitunge upya shanga walizozibeba kutoka pwani. Zilikuwa hazijafungwa kwa urefu wa kamba uliokubalika mbele ya safari. Wafanyabiashara wa Kiswahili wa Pangani na Mombasa walilijua hilo kabla yake: ukienda na rangi iliyopitwa na wakati, au seng'enge ya unene usiotakiwa, utarudi na mzigo wako kichwani. Na mvaaji mkubwa wa seng'enge, iliyozungushwa mikononi na miguuni kilo kwa kilo, alikuwa mwanamke. Thomson na wasafiri wengine wa wakati ule waliandika pia jambo lililowashangaza: hata wanaume wa Kimaasai na wa Kikikuyu walipokuwa vitani, wanawake wa pande zote mbili walipita bila kuguswa. Walikwenda na ngozi na maziwa, wakarudi na nafaka. Biashara ya chakula baina ya wafugaji na wakulima ilikuwa mikononi mwao, na vita viliwapisha.

Basi ukimsikiliza mtoa semina wa siku hizi utadhani mama wa Kimaasai hajawahi kuuza kitu. Anafundishwa maana ya faida, anafundishwa kutunza daftari, anapewa fulana na soda, anarudi nyumbani. Sina ugomvi na daftari. Ila mwanamke anayewajua ng'ombe wote wa boma kwa rangi na kwa ukoo, anayekumbuka ni nani aliyechukua debe la mahindi masika ya mwaka juzi na hajarudisha, hana upungufu mkubwa wa hesabu. Fulana, nakiri, huwa nzuri.

Kilichomwangusha ni kingine. Serikali ya kikoloni ilipoanza kutoza kodi ilitafuta katika kila boma mtu mmoja wa kumdai, ikamchukua mwanamume. Ili alipe, ilibidi auze ng'ombe; ili auze, ilibidi awe mwenye ng'ombe mbele ya karani wa mnada. Bwana mifugo naye alikuja kuongea na mwanamume. Duka likafunguliwa karibu na josho, likauza unga kwa fedha taslimu, na ile safari ya mama na punda wake kwenda kubadilishana ngozi kwa nafaka ikapungua mpaka ikawa hadithi. Mwanaanthropolojia Dorothy Hodgson, aliyefanya utafiti wa miaka mingi kwa Wamaasai wa Tanzania, ameifuatilia habari hii hatua kwa hatua. Anaonyesha kwamba haki za mke juu ya mifugo, ambazo zilikuwa zikiingiliana na za mume, zilimezwa pole pole na umiliki wa mtu mmoja. Uhuru haukurekebisha mambo. Mradi mkubwa wa mifugo na malisho wa miaka ya 1970, uliofadhiliwa na Marekani, ulijenga majosho na mabwawa na kuandikisha vyama vya ranchi, na waliohesabiwa kuwa wafugaji walikuwa wanaume. Mwanamke aliyekamua, aliyetibu ndama na kujenga nyumba alitajwa kama mke wa mfugaji.

Nawaomba mlishike hilo tunapoingia kwenye maziwa.

Maziwa ndiyo mali ambayo mila ilimwachia mwanamke bila ubishi. Anakamua alfajiri mifugo haijatoka, na jioni ikirudi. Anamwachia ndama sehemu yake. Halafu anagawa: ya watoto, ya baba, ya mgeni, ya kugandisha. Kibuyu anakisafisha kwa kijinga cha mzeituni-pori. Anaingiza ncha yenye moto, anasugua kuta za ndani mpaka zishike weusi, anakung'uta majivu, kisha anamimina. Maziwa yaliyowekwa hivyo hukaa, na huwa na harufu ya moshi ambayo mtu wa mjini ama ataipenda ama ataikimbia. Mwanamume anayechungulia kibuyu apime kilichobaki hujishushia heshima. Hapo mke ana mamlaka kamili, na hakuna aliyemwandikia.

Tazama sasa maziwa yanapopata bei. Akibeba lita tano hadi barabarani akawauzia wenye migahawa, fedha ni yake. Anarudi na sukari, majani ya chai, chumvi, na hakuna anayemuuliza. Siku linapofika tangi la kupozea, mambo hubadilika. Anayenunua anataka lita nyingi kila siku na anataka kulipa mara moja kwa mwezi kupitia akaunti. Karani anafungua daftari la wanachama na kuuliza swali lisilo na ubaya wowote: ng'ombe wa nani? Linaandikwa jina la baba. Kuanzia hapo mama anakamua yale yale, anabeba yale yale, na malipo yanakwenda kwingine. Hali hii imejirudia sehemu nyingi za Afrika Mashariki ambako maziwa yameingizwa kwenye ushirika, tena bila mtu yeyote kukusudia kumdhulumu mwenzake. Swali moja kwenye daftari limetosha.

Inaweza kuwa vingine. Nronga kule Machame, kwenye migomba ya Wachaga na mbali na nyika zetu, wanawake walianzisha ushirika wao wa maziwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanachama ni wanawake, kwa hiyo majina yaliyoandikwa ni yao. Isiolo ni mfano ulio karibu zaidi na mada yangu. Ngamia wa kule ni wa wanaume, lakini maziwa ya ngamia yanayokwenda Nairobi yako mikononi mwa akina mama, wengi wao Wasomali. Wanayakusanya kutoka mbugani kwenye madumu, wanayapima na kuyapoza mjini, wanayapakia kwenye mabasi, na Eastleigh kuna mwanamke mwenzao anayapokea na kuyauza. Fedha zinarudi kwa njia ile ile, mara nyingi pamoja na madumu matupu. Wakaguzi wangependa waone keni za alumini, na wana hoja yao ya usafi. Ila keni ni ghali na dumu linapatikana kila duka, kwa hiyo ubishi huo utaendelea. Ninachotaka mkione ni kwamba mnyororo mzima, kuanzia mbugani hadi sokoni, umeshikwa na watu wanaojuana na kukopeshana, na hapana mahali karani anapoingia katikati na swali lake. Ukame ukija maziwa hukauka na biashara husimama, hilo halina dawa ya kikundi. Kati ya 2020 na 2023 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya, na mifugo ikafa kwa mamilioni.

Shanga nitazipitia haraka, maana zimeshapigwa picha za kutosha. Zinatoka Ulaya, kwa sehemu kubwa Jamhuri ya Cheki, zinapita kwa waagizaji wa Nairobi na Arusha, zinafika kwa mama kwa bei ya rejareja. Anakata bomba la plastiki kupata mwili wa bangili, anapinda waya, anatunga kwa uzi wa nailoni kati ya kukamua na kuchota maji. Akiuza, anatoa gharama ya shanga na waya, kinachobaki anakiita faida. Siku zake tatu hazimo kwenye hesabu. Angejilipa hata nusu ya kibarua cha shambani, bangili nyingi zingeonekana ni hasara. Na mteja wake ni mtalii, aliyetoweka kabisa mwaka 2020 mipaka ilipofungwa. Nyumba ya mitindo ya Louis Vuitton ilipotoa nguo zenye mirabaraba ya shuka za Kimaasai mwaka 2012, mjadala mkubwa ulizuka juu ya nani anafaidi jina na sura ya Wamaasai. Mjadala huo ni halali. Lakini mimi ningeanza na mwenye duka la vinyago pale mjini, anayechukua mzigo kwa mali kauli na kulipa akijisikia.

Pale Umoja, karibu na Archers Post huko Samburu, shanga zimefanya kazi kubwa zaidi kuliko hiyo. Wanawake waliokimbia ukatili, wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, walianzisha kijiji chao mwaka 1990. Walianza na shanga, wakaongeza kambi ya watalii. Wengi hukitaja kijiji hicho kama ushindi wa kazi za mikono. Kwangu mimi tofauti ya Umoja na vikundi mia vya shanga ninavyovijua ni kwamba uamuzi juu ya fedha, na mahali pa kulala, vilikuwa vyao. Shanga ni zile zile.

Nije kwenye mikopo, kwani najua wengi mmekaa mkiingojea.

Akina mama wa VICOBA mliomo humu mnajua mnavyoendesha: sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, hisa, mfuko wa jamii, faini ya kuchelewa, na mwisho wa mwaka kugawana. Mbinu hii ilianzia Niger mwaka 1991 kwenye mradi wa shirika la CARE, ikaenea Afrika nzima, na kwa maoni yangu ni kati ya mambo machache ya maendeleo yaliyoenea kwa sababu wenyewe wameyapenda. Fedha ni ya wanachama na riba inarudi kwa wanachama. Kando ya VICOBA kuna mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba, ambayo katika hiyo kumi wanawake wana nne, vijana nne na watu wenye ulemavu mbili. Sheria iliiwekea nguvu mwaka 2018. Mwaka 2023 ilisimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yasiyorudi, na mwaka uliofuata ikaanza tena kwa utaratibu mpya. Halafu kuna wakopeshaji wa kausha damu. Hao sina haja ya kuwaeleza, jina linatosha.

Mwaka 2015 zilichapishwa kwa pamoja tafiti sita zilizofanywa kwa makini katika nchi sita, Ethiopia na India zikiwamo, kupima mikopo midogo inafanya nini hasa katika maisha ya watu. Zilikuta kwamba inampa mkopaji nafasi ya kupumua na kupanga mambo yake, na baadhi hupanua biashara. Kipato cha kaya kwa wastani hakikubadilika sana. Mwaka huo huo utafiti mwingine wa nchi sita ukapima njia ya pili: kumpa mwanamke fukara mali yenyewe, mara nyingi mifugo, pamoja na posho ya kujikimu kwa muda, mafunzo, na mtu wa kumtembelea. Huko maendeleo yalionekana, na yalikuwa bado yapo mwaka mmoja baada ya msaada kwisha. Kaskazini mwa Kenya shirika la BOMA linafanya jambo la jamaa hiyo: wanawake watatu wanapewa ruzuku kwa pamoja, wanafungua kaduka au wanaanza kuuza mbuzi, na fedha hairudishwi.

Kwa nini tofauti hiyo? Wachumi wana maelezo yao. Mimi nawapeni la kizizini. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, ng'ombe miezi tisa. Mkopo unaanza kudai marejesho kabla hata mbuzi hajaonekana kwamba ana mimba. Mama anayekopa kwa ajili ya mifugo analazimika kulipa kutoka mfuko mwingine, na mfuko huo kwa kawaida ni maziwa ya watoto au mkopo wa pili. Bwana maendeleo ya jamii anayepanga ratiba ya marejesho angekaa na mfugaji nusu saa tu, angeipanga kwa masika na vuli, na vikundi vingi vinavyoitwa sugu vingekuwa vikilipa. Hili halihitaji sheria mpya wala bajeti.

Lakini tuseme ratiba imerekebishwa. Tuseme mama amelipa, amepata faida, amenunua mitamba miwili. Mitamba inalala wapi? Kwenye zizi la boma. Inawekwa alama gani? Ya ukoo wa mume. Ada ya shule ikifika, au morani akihitaji mahari, au baba akitaka kulipa deni ambalo mke halijui, mtamba wa mkopo unatembea kwenda mnadani pamoja na wengine. Ndiyo maana akina mama wengi wenye akili hawanunui ng'ombe kwa faida yao. Wananunua sufuria, vitenge, wanamtumia dada yao aliyeko mjini. Mtoa semina anawaandika kuwa hawana moyo wa kuwekeza. Wanao. Wanakimbiza mali yao mahali ambapo haiwezi kuchukuliwa.

Kwenye ardhi tumeona kitu hicho hicho kwa ukubwa zaidi. Kajiado, upande wa Kenya, ranchi za vikundi zilizoundwa chini ya sheria ya mwaka 1968 zilipogawanywa vipande vya mtu mmoja mmoja, hati ziliandikwa kwa majina ya wanaume karibu zote, na wapo wake waliojua kiwanja kimeuzwa walipomwona mnunuzi akishusha nguzo za uzio. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imekuja kusema mwanamke naye ni mwanachama. Imekuja baada ya sehemu kubwa ya ardhi kwenda.

Upande wetu wa Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamruhusu mke kumiliki mali kwa jina lake, na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijawekwa rehani. Haya ni mambo mazuri, ila yalitungwa na watu waliokuwa na nyumba ya bati kichwani. Kwa Mmaasai nyumba ni ya mke tangu zamani, ameijenga mwenyewe kwa miti na samadi, na hakuna benki duniani itakayoitaka. Utajiri wa ndoa uko zizini, na zizini hakuna ridhaa inayodaiwa.

Hapa ndipo ninapofika na pendekezo langu, na najua halitawafurahisha wote. Tunayo Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na chini yake ng'ombe wanavishwa hereni na kuingizwa kwenye daftari la serikali. Malumbano juu ya bei ya hereni tumeyasikia mpaka tumechoka. Sijasikia mtu akiuliza juu ya safu ya mwenye mali. Daftari hilo likiandika jina moja kwa kila boma, tutakuwa tumerudia alichofanya mtoza kodi wa mkoloni, safari hii kwa kompyuta. Likiandika pia jina la mke kwa wale ng'ombe aliotengewa siku ya ndoa na wale alionunua mwenyewe, na mnada ukadai ridhaa yake kabla ya kuwauza, mkopo wa asilimia kumi utakuwa na mahali pa kukaa, na benki ikitaka dhamana mama atakuwa na kitu cha kuonyesha.

Nimeshaambiwa, tena na mzee ninayemheshimu sana, kwamba hilo litavunja boma. Mke akiwa na kauli juu ya ng'ombe, mume amebaki na nini? Sikulichukulia jibu lake kama mzaha. Mwanamume aliyepoteza malisho kwa hifadhi na mashamba, na ng'ombe kwa ukame wa 2009, hana akiba kubwa ya heshima ya kugawa. Lakini nilimuuliza, na leo nawauliza ninyi wazee mliokaa mbele: siku mlipooa, si mliwatengea wake zenu ng'ombe mbele ya wazee? Si wana wa mama yule ndio wanaowarithi? Na si baba yako angeona aibu kumtoa ng'ombe wa nyumba ya mke mkubwa kumpa mdogo bila kusema naye? Daftari halileti mila ngeni. Linaandika ile ambayo babu zenu waliifuata na minada ikaifuta.

Kuna gumu moja silo la wanaume, nalo ni muda. Mama anayechota maji saa nyingi kwa siku na kukata kuni hawezi kulinda kaduka, na binti yake akiachishwa shule akasaidie, biashara imelipiwa na mtoto. Kisima karibu na boma kinaweza kuongeza kipato cha mwanamke kuliko semina kumi. Wenye visima na wenye semina hawakai ofisi moja, ndiyo maana hatuvioni pamoja kwenye mpango wowote.

Ndugu Mwenyekiti, wazee mnajua ni ng'ombe gani walitolewa kwa mke gani. Wake zenu wanawajua kwa rangi na kwa mama zao. Anayevisha hereni hajui, na hatauliza mpaka fomu yake imtake aulize. Kubadili fomu ni kazi ya wizara, lakini mikutano ya vijiji vyetu inaweza kuanza hata mwezi huu kuandika orodha zake yenyewe, kwa kalamu, mbele ya laigwanani, kiongozi wetu wa mila, na mtendaji wa kijiji, na kuzigonga muhuri. Nimekwisha kuzungumza na watendaji wawili walio tayari. Hao nitawaomba wasimame wakati wa maswali, ili mwenye shaka awaulize wao na si mimi.